Tumbo la usiku wa kuamkia shule: namna ya kumsaidia mtoto kurudi darasani wakati wa janga

Usiku wa kuamkia siku ya kufungua shule, binti yangu wa miaka saba alikaa ukingoni mwa kitanda ameshika kiatu kimoja. Cha pili kilikuwa tayari mlangoni, kimeng'arishwa. "Mama, tumbo linaniuma," akasema. Nikajiweka sawa kumweleza habari za ugonjwa: kwamba madirisha ya darasa yatakuwa wazi, kwamba mwalimu atavaa barakoa, kwamba kutakuwa na maji na sabuni. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani. Kabla sijaianza akauliza, "Nikipiga chafya darasani, watanifukuza?"

Hotuba yangu yote ilihusu ugonjwa. Swali lake lilihusu wenzake.

Nimelikumbuka swali hilo kila niliposikia watu wazima wakibishana juu ya watoto wanaogoma kurudi shule baada ya mlipuko. Mmoja husema watoto husahau upesi, mpe siku tatu tu atazoea. Mwingine husema mtoto akilia asilazimishwe, akae nyumbani mpaka awe tayari. Wa tatu husema huo ni uvivu uliozoeleka miezi ile ya kulala mpaka jua kali. Kila mmoja ameona jambo la kweli. Lakini ushauri wao, ukifuatwa hivyo hivyo bila kumsikiliza mtoto mwenyewe, unaweza kumwongezea shida.

Tuelewane maneno kwanza

Mlipuko ni pale ugonjwa unapowapata watu wengi kuliko kawaida mahali fulani. Mlipuko ukivuka mipaka na kusambaa katika nchi nyingi na mabara, huitwa janga la dunia, na katika mazungumzo ya kila siku tunasema janga tu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba COVID-19 imekuwa janga tarehe 11 Machi 2020, na hali ya dharura likaiondoa tarehe 5 Mei 2023. Kati ya tarehe hizo mbili shule zilifungwa, zikafunguliwa, na sehemu nyingi zikafungwa tena. Kwa hiyo watoto walirudi darasani virusi vikiwa bado vipo. Hili ni jambo la kuliweka mbele, kwa maana wako wanaodhani kwamba shule ikifunguliwa basi ugonjwa umekwisha. Shule hufunguliwa pale madhara ya kuwaweka watoto nyumbani yanapoonekana kuzidi hatari ya kuwakusanya kwa tahadhari. Watoto wanaona wazi kwamba ugonjwa haujaisha, na tukiwaambia umeisha wanaacha kutuamini.

Maneno mengine mawili tunayachanganya: hofu na wasiwasi. Hofu ina kitu mbele yake. Gari linakujia kasi, unaruka pembeni, gari likipita moyo unatulia. Wasiwasi hauna kitu mbele yake. Una "je, ikiwa" tu. Je, ikiwa nitaugua? Je, ikiwa mama hatakuja kunichukua? Kwa kuwa linaloogopwa halijafika, haliwezi pia kuondoka, na ndiyo sababu kumwambia mtoto "mbona hakuna kitu" hakumsaidii. Yeye mwenyewe anajua hakuna kitu sasa. Anahesabu ya kesho.

Kuna na wasiwasi wa kutengana, ile hali ya mtoto kuona kwamba akimwacha mzazi wake jambo baya litatokea. Kwa mtoto mchanga na wa miaka miwili au mitatu ni jambo la kawaida kabisa la ukuaji. Kwa mtoto mkubwa huweza kurudi baada ya kipindi kirefu cha kukaa pamoja usiku na mchana, hasa kama kipindi hicho kilikuwa cha habari za vifo.

Ukubwa wa jambo hili tuliusahau haraka. Mapema Aprili 2020, kwa hesabu za UNESCO, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 katika nchi zaidi ya 190 walikuwa nje ya madarasa, yaani karibu tisa katika kila kumi. Wala haikuwa mara ya kwanza kwa watoto kufungiwa na ugonjwa. Mwaka 1937 polio ilichelewesha kufunguliwa kwa shule za Chicago, na wanafunzi wapatao 315,000 wakafundishwa kwa redio, huku ratiba na maswali yakichapishwa magazetini. Mwaka 2014 Ebola ilifunga shule za Guinea, Liberia na Sierra Leone, ikawaweka nyumbani watoto wapatao milioni 5. Waliporudi mwaka 2015 walipimwa joto getini na kunawa mikono kabla ya kuingia, miaka mitano kabla dunia nzima haijayajua hayo.

Mbwa mlinzi

Kichwani mwa kila mmoja wetu kuna mbwa mlinzi. Wataalamu wa ubongo wana jina lao la sehemu hiyo, amigdala, lakini sisi tumwite mbwa. Kazi yake ni kubweka akinusa hatari, na hubweka kabla ya akili kupata nafasi ya kupima kama hatari ni ya kweli. Hajui kusoma. Takwimu hazimsemeshi.

Kwa miezi mingi tulimfundisha mbwa huyu kwa bidii. Usiguse hapo. Usimsogelee yule. Rudi ndani. Nawa tena. Akajifunza vizuri sana, na si kosa lake. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watoto wengi hata hawakuumwa, walimsikia tu nyoka akitajwa redioni asubuhi, mchana na usiku. Kisha siku moja tunamwambia mbwa: kuanzia leo, waache wapite. Hawezi kuelewa kwa maneno. Ataelewa kwa kuwaona watu wakipita mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, bila baya kutokea.

Fundo la mambo yote liko hapa. Kila tunapombakiza mtoto nyumbani kwa sababu mbwa amebweka, mbwa hujifunza kwamba kubweka ndiko kulikomwokoa. Kesho atabweka mapema zaidi, na kwa sauti kubwa zaidi. Nafuu anayoipata mtoto akiambiwa "haya, leo baki" ni nafuu ya kweli: unaona mabega yakishuka, tumbo linapona saa ile ile, anaanza kucheza. Mzazi naye anapumua. Ndiyo maana tunaamini tumefanya jema. Lakini nafuu hiyo ni mkopo, na riba yake hulipwa asubuhi inayofuata.

Wanaosema "mpaka awe tayari" hawajui kwamba utayari hauji kwanza. Huja nyuma ya kwenda.

Je, mtoto anajisingizia hilo tumbo? Hapana, na ningeomba kila mzazi na kila mwalimu alishike hili. Mwili ukipata ishara ya hatari hujiandaa kukimbia au kupigana. Moyo huenda mbio, damu huhamia kwenye misuli, na kazi ya kusaga chakula huwekwa kando. Utumbo una mishipa mingi ya fahamu iliyounganishwa na ubongo, kwa hiyo mtoto husikia msokoto, kichefuchefu, au haja ya kwenda chooni mara tatu kabla ya kuvaa viatu. Anaumwa kweli. Ukimwambia mwongo, umemwongezea jambo la pili la kuogopa, nalo ni wewe.

Wakati wa janga kuna utata wa ziada, kwa sababu tumbo na kichwa vinaweza kuwa ugonjwa wenyewe. Mpime joto. Tazama kama kuna kikohozi, kuharisha, uchovu usio wa kawaida. Kisha tazama mwendo wa maumivu kwa siku kadhaa: tumbo la wasiwasi huamka pamoja na mkoba wa shule, hupoa saa nne asubuhi mtoto akijua hatoki tena, na siku za mapumziko halionekani. Mwenye homa abaki nyumbani kama kanuni za afya zinavyotaka, na aambiwe wazi kwamba anabaki kwa sababu ya homa. Maneno hayo yasipotamkwa, mbwa atajitwalia sifa.

Tumbo moja, hofu nyingi

Kosa nililolifanya ukingoni mwa kile kitanda ndilo wengi tunalifanya: tunadhani tunajua mtoto anaogopa nini. Watoto watano wanaweza kushika tumbo mlangoni kwa sababu tano tofauti, na dawa ya mmoja haimfai mwingine.

Njia ya kujua si kumsimamisha mbele yako na kumuuliza "unaogopa nini?" Swali hilo lina joto la mahakamani. Watoto hufunguka mkiwa ubavu kwa ubavu, mnaosha vyombo, mnakunja nguo, mnatembea. Na huwasaidia sana kupewa mifano ya kuchagua: "Watoto wengine wanaogopa kuugua. Wengine wanaogopa kumwacha mama. Wengine wanahofia rafiki yao amepata rafiki mwingine. Wewe je?" Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Wapo wanaodai kwamba kuzungumza kunamwingizia mtoto hofu asiyokuwa nayo. Mtoto aliyeona shule yake ikifungwa, watu wazima wakinong'ona na nyuso zikifichwa, hofu anayo tayari. Kinachoongeza hofu ni habari zinazorudiwa mfululizo kwenye televisheni na mazungumzo ya wakubwa anayoyasikia nusu nusu, kwa sababu ile nusu asiyoisikia huijaza mwenyewe.

Mtoto wa miaka mitatu hadi sita bado hutenganisha kwa shida mawazo yake na mambo yanayotokea. Anaweza kuamini kwamba babu aliugua kwa sababu yeye alimkasirikia. Hatakuambia hivyo, utaona tu amekuwa mpole kupita kiasi, au ameanza tena kukojoa kitandani. Huyu aambiwe kwa sentensi fupi, na zaidi ya mara moja: "Ugonjwa uliletwa na kijidudu. Hakuna ulilosema au kufikiri lililouleta."

Wa miaka saba hadi kumi na moja ni mtu wa sheria. Anaogopa kukosea. Barakoa ikidondoka je? Nikimkumbatia rafiki yangu kwa kusahau je? Hapo ndipo binti yangu alipokuwa na chafya yake. Dawa ya hofu hii ni mazoezi. Tulikaa jikoni tukapiga chafya za uongo kwenye kiwiko, mara nyingi, mpaka akaanza kunirekebisha mimi.

Kijana wa miaka kumi na miwili na kuendelea huonekana hana shida, au ana hasira. Kwake shule ni watu kabla ya kuwa masomo. Mwili wake umebadilika tangu alipoonekana mara ya mwisho, makundi ya marafiki yamejipanga upya bila yeye, na mtihani anauona unakuja kama mafuriko. Kwa vijana wengi kuna na hofu moja nzito isiyosemwa: nikiuleta ugonjwa nyumbani, bibi akafa, nitakuwa nimemuua mimi.

Hofu hii inanigusa kuliko zote, maana tuliiweka sisi mabegani mwao. Tuliwaambia watoto kwamba wao huugua kidogo lakini huambukiza wazee. Sehemu ya kwanza ni kweli. Watoto wengi walipata COVID-19 isiyo kali ikilinganishwa na watu wazima. Sehemu ya pili nayo ina ukweli wake. Lakini mtoto aliyeambiwa hivyo hubeba kifo cha mtu mzima kama mkoba wa shule. Mzigo huu utolewe kwa maneno yaliyo wazi: "Kumlinda bibi ni kazi yetu sisi wakubwa. Tumeshapanga jinsi ya kufanya. Kazi yako ni kunawa mikono, kuvaa barakoa panapotakiwa, na kusema ukijisikia vibaya. Ukishafanya hayo umemaliza sehemu yako." Na ikiwa wakubwa hawajapanga chochote, basi wapange kwanza.

Kuna mtoto aliyefiwa. Huyu hawezi kusubiri hadi "atulie." Huzuni ya mtu mzima ni kama mto anaouvuka siku nzima, huzuni ya mtoto ni kama madimbwi ya mvua, anaingia, analia, anatoka, anacheza mpira, kisha anaingia tena. Wasiomwelewa husema amesahau. Mwalimu ajulishwe kabla ya siku ya kwanza, na mtoto aulizwe anataka wenzake waambiwe nini. Ajue pia mahali pa kwenda na mtu wa kumwendea pale dimbwi litakapomkuta katikati ya somo la hesabu.

Na yuko mtoto ambaye kufungwa kwa shule kulikuwa raha yake, kwa sababu shuleni alikuwa akipigwa, akichekwa au akinyanyaswa. Mbwa wa huyu hakosei. Anambwekea mwizi wa kweli. Kumfundisha ujasiri kabla ya kumwondoa mwizi ni ukatili. Kazi ya kwanza hapo si ya mtoto, ni ya mzazi na uongozi wa shule, na majina yatajwe.

Usiahidi usichoweza kutimiza

"Hutaugua, nakuahidi." Nimeisema sentensi hii, na nimejuta. Mtoto akiugua mafua tu wiki inayofuata, neno lako limepungua thamani. Lakini hata asipougua, ahadi huleta shida nyingine: huisha nguvu upesi. Anauliza tena jioni, kisha asubuhi, kisha mlangoni, na kila mara anahitaji ahadi kubwa zaidi. Mtoto anayeuliza swali lile lile kwa mara ya kumi hatafuti habari tena. Anatafuta nafuu.

Jibu mara moja, kwa ukweli na kwa kipimo cha umri wake: "Mtu yeyote anaweza kuugua. Watoto wengi wanaougua hupona. Haya ndiyo tunayofanya ili kupunguza hatari, na ukiugua, mimi nitakuwepo kukuuguza." Akirudia, mrudishie swali kwa upole: "Jana tulisemaje?" Mara nyingi atalitoa jibu mwenyewe, na jibu lililotoka kinywani mwake lina uzito kuliko lako.

Mweleze na sababu za tahadhari, maana sheria isiyo na sababu hutisha. Virusi hivi husafiri kwenye matone na chembe ndogo za pumzi zinazotoka tukisema, tukiimba na tukikohoa. Dirisha lililo wazi huzitawanya kama upepo unavyotawanya moshi wa jiko. Barakoa huzipunguza zinapotoka na zinapoingia. Kuna uvumi kwamba barakoa humnyima mtoto hewa. Oksijeni na hewa chafu tunayoitoa hupita kwenye kitambaa bila shida, ingawa joto na usumbufu ni vya kweli na havifai kudharauliwa. Wadogo sana hawakulengwa: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa mwaka 2020 ulisema watoto wa miaka 5 na chini yake wasilazimishwe kuvaa.

Ngazi, hatua moja kwa siku

Mtoto wa dada yangu, mvulana wa miaka tisa, aligoma kabisa. Alishika mguu wa kitanda asubuhi ya kwanza, na vidole vyake vikabadilika rangi kwa kukaza. Kaka zake walitaka kumbeba. Dada yangu aliketi sakafuni karibu naye, bila kusema chochote kwa muda, halafu akamwambia, "Leo hatuingii darasani. Leo tunaligusa geti."

Walikwenda alasiri, shule ikiwa tupu. Akaligusa. Wakarudi. Kesho yake wakaenda wakati wenzake wanatoka, akasimama upande wa pili wa njia, akamwona rafiki yake akimpungia mkono. Siku ya tatu aliingia uwanjani, mwalimu wake akimngoja penye bomba la maji kama walivyopatana kwa simu usiku uliotangulia, wakanawa mikono pamoja. Siku ya nne alikaa darasani mpaka mapumziko. Wiki iliyofuata alikaa siku nzima, ingawa siku mbili kati ya hizo alilia njiani.

Hiyo ndiyo ngazi. Ina kanuni chache tu. Kila kipandio kiwe kigumu kidogo lakini kinawezekana. Mtoto akae pale juu mpaka wasiwasi upungue kidogo, asishuke ukiwa kileleni. Na hakuna kurudi chini zaidi ya kipandio kimoja. Wanaosema kwamba asilazimishwe hapa wamepata haki yao, maana hakubebwa. Wanaosema kwamba ni lazima aende nao wamepata yao, maana hakuna siku iliyopita bila kupanda. Ngazi ianze mapema: mtoto aliyekosa siku tatu ni rahisi kumrudisha kuliko aliyekosa wiki tatu.

Zile siku anazobaki nyumbani zisiwe sikukuu. Si adhabu, lakini saa za masomo ziwe za masomo, simu na televisheni zizimwe, ili nyumba isishindane na shule.

Kuaga nako ni ufundi. Mzazi anayesimama getini dakika kumi, anayerudi kukumbatia mara ya tatu na kuuliza "una hakika uko sawa?", anamwambia mbwa kwamba kuna jambo. Chagueni maneno yenu mafupi, yawe yale yale kila siku, kisha ondoka. Ukisema utakuja saa nane, uwe pale saa nane kasoro. Kwa mtoto mwenye wasiwasi wa kutengana, dakika ishirini za kuchelewa zinaweza kufuta kazi ya wiki nzima. Wala usitoroke wakati hatazami, hata kama inaonekana kupunguza machozi. Unamfundisha kwamba ukigeuza macho, watu hutoweka.

Kama siku ya kufungua inajulikana, anza na usingizi. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku, na vijana saa 8 hadi 10. Aliyezoea kulala usiku wa manane harudishwi kwa amri ya siku moja. Sogeza muda robo saa kila baada ya siku moja au mbili, wa kulala na wa kuamka pia.

Wanaodhani amebaki nyuma

Baada ya shule kufunguliwa hukimbilia kila mtu kuhesabu kilichopotea. Mitihani hupangwa wiki ya kwanza, mazoezi huongezwa, jioni hujazwa masomo ya ziada. Naelewa haraka hiyo. Masomo yalipotea kweli, na watoto waliokosa vitabu, umeme au intaneti walipoteza zaidi.

Lakini fikiria mguu uliotolewa plasta. Umekonda, misuli imelegea, mtu anachechemea. Haujavunjika tena, umekaa tu bila kazi. Hakuna daktari anayempa mgonjwa huyo mbio za mita mia siku ile ile. Kusoma, kukaa kimya dakika arobaini, kungoja zamu, kugombana na kupatana, yote hiyo ni misuli. Mtoto mwenye wasiwasi, tena, hana nafasi kichwani: sehemu ya akili anayoihitaji kwa kukokotoa inashughulika kumsikiliza mbwa. Mwalimu anayetumia siku za mwanzo kuwarudishia watoto ratiba, majina, michezo na nyimbo hajapoteza muda wa silabasi. Anaondoa kelele ili masomo yasikike.

Walimu nao, tusisahau, walirudi na hofu na misiba yao.

Lini utafute msaada

Machozi ya wiki ya kwanza ni ya kawaida, na kwa watoto wengi hupungua siku hadi siku. Ikiwa wiki mbili au tatu zimepita na hali haipungui au inazidi, usingoje. Tazama mtoto asiyelala, asiyekula, aliyeacha mambo aliyoyapenda, anayejitenga hata na marafiki, anayenawa mikono mpaka ngozi inapasuka, au aliyerudi kwenye tabia za utotoni na hatoki huko. Anza na mwalimu na daktari, na panapopatikana, mshauri nasaha au mwanasaikolojia wa watoto. Mtoto wa umri wowote akisema anatamani kufa au kujiumiza, msaada utafutwe siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake. Kumuuliza waziwazi kama anawaza kujiua hakumwingizii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kusema.

Mtoto husoma uso wa mzazi kabla ya maneno yake, na usiku ule binti yangu alikuwa ameusoma wangu. Mzazi anaruhusiwa kuogopa, na hata kusema kwamba anaogopa, mradi amalizie sentensi: "Hata mimi nina wasiwasi kidogo, ndiyo maana nimeuliza shule wamejiandaaje, na majibu yao yamenitosha." Kama majibu hayakukutosha, rudi ukaulize tena, bila mtoto kusikia.

Asubuhi ile alivaa viatu vyote viwili. Getini tukasema maneno yetu mafupi, nikaondoka bila kugeuka, na kwa kweli ilinigharimu. Saa nane kasoro nilikuwa pale pale. Alitoka akikimbia, barakoa ikiwa chini ya kidevu, akaniambia kwamba watu watatu walipiga chafya darasani.

"Wakafukuzwa?"

"Hapana," akasema. "Mmoja alikuwa mwalimu."